UZI: Hisa ni zako, lakini kura ni za nani?

Wakuu, Jumamosi usiku nilikaa kwa mjadala wa sauti karibu saa tatu nzima nikisikiliza watu wakigombana kuhusu kuuza hisa za serikali. Upande mmoja: "Wameuza nchi." Upande wa pili: "Kwani hiyo asilimia 35 ilikuwa inatupea nini? Si hata hivyo hatukuwa na nusu?" Nilitaka kusema kitu lakini bando ilikuwa inaisha. Ndio maana naandika.

Kilichonisumbua ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinaongea juu ya asilimia kama vipande vya keki. Nani amekula kubwa, nani amebaki na makombo. Hakuna aliyeuliza: hiyo asilimia inakuruhusu kufanya nini, na inakuruhusu kuzuia nini? Hayo ni maswali mawili tofauti, na jibu la la pili mara nyingi ndilo lenye pesa ndani yake.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukikuja hapa kutafuta jina la mtu wa kutukana, umepotea njia.

Tuanze na msemo ambao kila mtu ameusikia: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa siasa zetu maana yake ni kwamba pesa za umma zifuate idadi ya watu. Kwa kampuni ni kinyume kabisa. Kura ndiyo inafuata shilingi. Ukiweka shilingi nyingi unapata hisa nyingi, na kwa kawaida hisa moja ni kura moja. Tajiri mwenye hisa milioni ana kura milioni. Wewe mwenye hisa mia una kura mia. Kwa SACCO au ushirika hali ni tofauti, huko mwanachama ni kura moja hata akiwa na akiba ya milioni kumi. Watu wengi huingia soko la hisa wakidhani wameingia SACCO kubwa. La.

Kuna kitu cha kuchekesha hapa. Kwa mkutano mkuu wa kampuni, kura ikipigwa kwa kuinua mikono, kila mtu aliye ukumbini huhesabiwa mmoja. Mzee wa hisa 200 na wakili aliyetumwa na mwenye hisa bilioni, mkono ni mkono. Kwa hivyo unaweza kuona ukumbi mzima umeinua mikono kukataa jambo, watu wanashangilia, halafu mtu mmoja mtulivu kwa kona anaomba kura ihesabiwe kwa hisa. Basi. Ukumbi unapoteza mbele ya macho yake. Sheria inaruhusu, na sioni kosa, manake mikono ilikuwa njia ya haraka tu ya kumaliza ajenda zisizo na ubishi. Lakini nadhani hapo ndipo wengi huanza kuhisi wameibiwa, ilhali hawakuwa na kura walizodhani wako nazo.

Sasa hesabu mbili za Sheria ya Kampuni ya 2015. Azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Kwa hilo unachagua wakurugenzi na pia unaweza kumfukuza mkurugenzi kabla muda wake kuisha. Azimio maalum linataka angalau asilimia 75. Hilo ndilo la kubadilisha katiba ya kampuni na mambo mengine mazito. Kwa hivyo ukiwa na zaidi ya nusu, unaendesha gari. Ukiwa na zaidi ya robo, huendeshi, lakini umekalia handibreki.

Chukua Safaricom, kampuni ambayo kila mtu ana maoni kuihusu hadi saa sita usiku. Mwaka wa 2008 serikali iliuza robo ya kampuni kwa umma kwa shilingi 5 kila hisa. Mamia ya maelfu ya Wakenya walijitosa, wengine kwa mikopo, na bei ikaja kushuka chini ya shilingi 3 kabla ya kuinuka tena miaka ya baadaye. Baada ya mauzo hayo hesabu ilibaki hivi: serikali 35, kampuni iitwayo Vodafone Kenya 40, umma 25.

Mtu akiangalia hapo anasema: hakuna aliye na nusu, kwa hivyo hakuna anayetawala. Pole, hapo umeruka hatua moja. Sheria haihesabu hisa zilizopo duniani, inahesabu kura zilizopigwa. Ile 25 ya umma imetawanyika. Kuna mwalimu Kitui, kuna mama wa duka Kakamega, kuna mfuko wa uwekezaji London. Tuseme kati ya hiyo 25, ni 5 tu wanaopiga kura. Kura zilizopigwa zinakuwa 80, na mwenye 40 ana nusu kamili. Wakipiga 3 tu, jumla inakuwa 78 na mwenye 40 amevuka nusu bila kununua hisa hata moja. Uvivu wetu wa kupiga kura ni mtaji wa mtu mwingine.

Sasa njoo Desemba 2025. Serikali ilitangaza mpango wa kuuza asilimia 15 kwa Vodacom kwa shilingi 34 kila hisa, jumla takriban bilioni 204. Hesabu ya mpango ule ilikuwa upande wa Vodacom ufike 55, serikali ibaki na 20, umma 25 ileile. Watu walibishana sana kama bei ni nzuri. Sawa, bei ni muhimu, na wengine wamesoma uchumi kuniliko. Mimi niliangalia kura.

Kwa 35, serikali peke yake inaweza kuangusha azimio maalum lolote, siku yoyote, hata kila mwenye hisa nchini akijitokeza. Kwa 20 haiwezi kujihakikishia hilo. Wote wakijitokeza, 55 na 25 wakiungana ni 80, na azimio limepita. Kwa hivyo wanaosema "hakuna kilichobadilika, bado tuko ndani" wanakosea. Kufuli inatoka mlangoni.

Lakini na wale wa "imeisha kabisa" nao watulie. Rudi kwa mahudhurio. Umma wakileta kura 4 tu, jumla ni 79. Asilimia 20 ya hisa inakuwa zaidi kidogo ya robo ya kura zilizopigwa, na azimio maalum limeanguka. Kura zikiwa chache, 20 bado inauma. Kura zikiwa nyingi, 20 inahitaji rafiki. Maana yake ni kwamba kwa maswali makubwa serikali ingetakiwa kuanza kubembeleza yule mwalimu wa Kitui. Sijui kama kuna mtu ofisini amefikiria hivyo, lakini hesabu inasema hivyo.

Na kwa azimio la kawaida, 55 haihitaji kubembeleza mtu. Isipokuwa katiba ya kampuni au mkataba kati ya wenye hisa umeweka viti maalum, yule wa 55 anachagua bodi. Kwa hivyo mtu yeyote akija kukwambia kuhusu uuzaji wa hisa za umma, wacha bei kando dakika moja. Muulize: mkataba wa wenye hisa unasema nini kuhusu viti vya bodi, na uko wapi tuusome? Hilo swali ni la kuboa, ndiyo. Halipati makofi kwa mkutano wa hadhara. Ila linastahili kuulizwa mara kumi zaidi ya lile la "nani amekula".

Kuna jambo lingine ndani ya ile 40. Haikushikiliwa moja kwa moja. Ilikuwa ndani ya Vodafone Kenya, na tangu 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ilimiliki asilimia 87.5 ya hiyo Vodafone Kenya. Piga hesabu: asilimia 87.5 ya 40 ni 35. Kwa hivyo Vodacom ilikuwa na 35 kwa upande wa faida, sawasawa na serikali, lakini kwa upande wa kura iliongoza kifurushi cha 40. Halafu Vodacom yenyewe sehemu kubwa ni ya Vodafone ya Uingereza. Hii kampuni juu ya kampuni ndiyo huitwa piramidi, na usiichanganye na zile piramidi za kuiba pesa za watu WhatsApp. Hii ni halali kabisa.

Piramidi ikienda mbali inashangaza. Ukiwa na asilimia 51 ya kampuni A, na A iwe na 51 ya kampuni B, faida yako kwa B ni kama asilimia 26 tu. Lakini nani anachagua bodi ya B? Wewe. Ongeza kampuni C chini, bado kwa 51. Faida yako ni kama 13, na bado wewe ndiye mwenye neno la mwisho. Hasara ikija, asilimia 87 ni ya wengine.

Na piramidi huficha. Wakubwa wetu wanakumbuka Mobitelea Ventures, kampuni iliyosajiliwa Guernsey ambayo ilikuwa na sehemu ndani ya Vodafone Kenya, na kupitia hapo sehemu ya Safaricom. Kamati ya bunge iliuliza wenyewe ni akina nani. Hadi leo ukitaja hilo jina mbele ya mtu wa miaka hamsini utaona anavyovuta kiti. Siku hizi sheria inataka kampuni zisajili watu halisi walio nyuma ya hisa, si jina la kampuni nyingine tu. Hatua nzuri. Ila rejista ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuifungua inanisaidia mimi kidogo sana.

Sawa. Hadi hapa bado tuko kwa hisa moja kura moja, hata kama watu wanapanga foleni kwa ujanja. Sasa kuna kampuni ambazo hata hiyo kanuni zimeitupa nje waziwazi, na ziko kwa simu yako sasa hivi.

Meta, wenye Facebook, WhatsApp na Instagram. Wana hisa za aina mbili. Hisa ambazo wewe na mimi tunaweza kununua sokoni ni kura moja. Hisa za kundi la mwanzilishi ni kura kumi kila moja. Mfano rahisi: kampuni ina hisa 100. Kumi ni za mwanzilishi, kila moja kura kumi, hiyo ni kura 100. Tisini ni za umma, kura 90. Mwenye asilimia 10 ya mali ana kura 100 kati ya 190, zaidi ya nusu. Hakuvunja sheria. Iliandikwa pale tangu siku ya kwanza na watu wakanunua.

Ndivyo Mark Zuckerberg anavyomiliki takriban moja ya nane ya kampuni na bado anashikilia karibu asilimia 60 ya kura. Karibu kila mwaka wenye hisa wengine huleta pendekezo kwa mkutano mkuu kwamba kila hisa iwe kura moja. Ukiondoa kura za mwanzilishi, wengi wa waliobaki huunga mkono. Na kila mwaka pendekezo linaanguka. Fikiria hiyo: unaomba mtu akupe kura zake, na ombi lako linaamuliwa kwa kura zake.

Google walienda hatua nyingine. Mwaka wa 2014 walileta aina ya tatu ya hisa isiyo na kura kabisa, ili waendelee kutoa hisa mpya bila waanzilishi kupunguziwa sauti. Snap, 2017, iliuzia umma hisa zisizo na kura tangu mwanzo. Na usidhani ni ugonjwa wa kampuni za intaneti peke yake. Familia ya Ford ina hisa za kipekee zinazowapa asilimia 40 ya kura kwa kipande kidogo sana cha mali.

Nitakuwa mwaminifu, upande wa kutetea una hoja. Mwanzilishi anasema: soko linafikiria miezi mitatu, mimi nafikiria miaka kumi. Ukinipa kura za kawaida, atakuja mtu na pesa zake, anifukuze, auze kampuni vipandevipande. Kuna kampuni zilizofanya vizuri sana hivyo. Na mnunuzi hakulazimishwa, bei alilipa akijua.

Jibu langu ni WeWork. Mwaka wa 2019 walitaka kuingia sokoni, na karatasi zao zikaonyesha mwanzilishi angekuwa na hisa za kura 20 kila moja. Wawekezaji walisoma, wakaona pia biashara alizofanya na kampuni yake mwenyewe, kama kuikodisha majengo aliyokuwa na sehemu ndani yake, na mpango wote ukaporomoka Septemba ya mwaka huo. Pale soko lilikataa kwa wakati. Lakini lilikataa kabla ya kununua. Baada ya kununua, ungekataa na nini?

Hong Kong ndio walinifurahisha zaidi kwa hili. Kwa miaka walikataa kura zisizo sawa, na kwa sababu hiyo Alibaba, ambayo ilitaka kikundi chake cha washirika ndicho kiteue wengi wa wakurugenzi, ilienda New York 2014 na kukusanya takriban dola bilioni 25. Iliwauma. Mwaka wa 2018 wakalegeza, lakini kwa masharti. Hisa ya mwanzilishi isizidi kura 10. Akitoka kwa bodi au akiuza, zile kura za ziada zinakufa, mtoto harithi kiti cha enzi. Na kwa mambo kama kubadilisha katiba ya kampuni, kumchagua mkurugenzi huru au mkaguzi wa hesabu, kila hisa inarudi kuwa kura moja. Ona hiyo akili: dereva aendeshe, lakini asijichagulie polisi wa barabarani.

Kwetu sheria inaruhusu kampuni kuwa na aina tofauti za hisa ikiwa katiba yake imesema hivyo. Lakini tatizo letu kubwa Nairobi kwa sasa, kwa maoni yangu, si hisa za kura kumi. Ni yule mwenye hisa mkuu wa kawaida kabisa, mwenye nusu au zaidi kihalali. Soko letu limejaa hao. BAT Kenya ina mzazi mwenye 60. Co-op Bank iko chini ya shirika la vyama vya ushirika lenye karibu asilimia 65. KenGen serikali ina 70, Kenya Power ina 50.1. Kwa kampuni kama hizo hakuna haja ya ujanja wa kura.

Ubaya uko wapi? Kwa sababu mwenye hisa mkuu ana njia mbili za kupata pesa na wewe una moja. Wewe unangoja mgao wa faida. Yeye pia anangoja mgao, lakini anaweza vilevile kuiuzia kampuni huduma za "ushauri" kutoka kampuni yake nyingine, kuilipisha ada ya kutumia jina, kuikopesha kwa riba, au kununua kiwanja chake kwa bei ya huruma. Kila shilingi inayotoka kwa mlango huo wa nyuma, ikiwa ana asilimia 55, yeye anapoteza senti 55 upande mmoja na kupata shilingi nzima upande mwingine. Wewe unapoteza yako na hupati kitu. Ndio maana ukifungua ripoti ya mwaka, ruka picha za wakurugenzi wakitabasamu, nenda nyuma kabisa kwa maelezo ya shughuli na watu au kampuni zenye uhusiano. Ukurasa mmoja wa maandishi madogo. Soma huo.

Na mwenye hisa mkuu akiwa serikali, mambo yanakuwa matamu zaidi kwa mwanafunzi wa siasa kama mimi. Serikali haitafuti faida tu, inatafuta pia kura za ile siku nyingine. Januari 2022 bei ya stima ilishushwa kwa asilimia 15 kwa uamuzi wa serikali. Mimi kama mpangaji nilifurahi, tokeni zilidumu. Lakini Kenya Power iko sokoni, na asilimia 49.9 ni ya watu wengine ambao tayari walikuwa wamekaa miaka bila mgao wa faida. Kwao, mwenye hisa mwenzao alikuwa ametoa zawadi kutoka kwa mfuko wa pamoja. Sisemi bei isingeshuka. Nasema mtu mmoja alikuwa amevaa kofia tatu: mwenye kampuni, mtunga sera na mtu anayetaka kupendwa. Mwenye hisa mdogo hakuwa na kofia hata moja.

Kinga zipo, na si za kupuuza. Mwongozo wa utawala wa kampuni wa CMA unataka angalau theluthi ya bodi iwe wakurugenzi huru. Shida tu ni kwamba anayewapigia kura ni yule yule. Mahakama unaweza kwenda kama kampuni inaendeshwa kwa njia inayowakandamiza wachache, kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni kiko hapo, lakini wakili wa kesi ya namna hiyo anaweza kula thamani ya hisa zako mara mia. Halafu kuna sheria ya ununuzi wa kampuni: anayechukua udhibiti anatakiwa awape wengine wote ofa, na robo ya kura tayari huhesabiwa kuwa udhibiti. CMA inaweza kumuondolea mtu sharti hilo. Hapo weka macho. Manake msamaha huo ukitolewa, mkubwa analipwa bei nzuri ya kuachia usukani na mdogo anabaki ndani ya gari akiwa na dereva mpya.

Linganisha na EABL. Mwaka wa 2023 Diageo, iliyokuwa na asilimia 50 na ushee, iliwapa wenye hisa ofa ya shilingi 192, juu ya bei ya soko, hadi ikafika 65. Tayari ilikuwa inatawala, lakini mdogo aliyetaka kutoka alipewa nafasi ya kutoka na kitu mkononi.

Kutoka ndiyo kura ya mwisho ya mnyonge. Uliza walio na hisa za Kenya Airways. Serikali 48.9, mabenki yaliyogeuza madeni kuwa hisa 38.1, KLM 7.8, na watu wa kawaida wamebanwa kwa kipande kilichobaki. Julai 2020 hisa zikasimamishwa sokoni, zikarudi Januari 2025. Zaidi ya miaka minne huwezi kuuza, na ukumbini sauti yako haifiki hata asilimia tatu.

Najua swali linalokuja, kwa sababu shosho yangu aliniuliza hilo hilo. Ana hisa elfu moja kwa kampuni fulani, siitaji, ambayo mwenye hisa mkuu ana 60. Mkutano siku hizi ni kwa simu, akapata ujumbe wa kupiga kura, akanipa simu. "Baba, huyu mkubwa ako na nyingi. Sasa mimi nabonyeza ya nini?"

Nilimjibu hivi, na kama umefika hapa chini ni kwa ajili ya hesabu hii. Kampuni hutangaza matokeo ya kura baada ya mkutano. Tuseme asilimia 90 ya hisa zimepiga kura na azimio limepita kwa asilimia 72. Gazeti litaandika "wenye hisa waidhinisha kwa kishindo." Sasa mtoe mkubwa. Asilimia 72 ya 90 ni karibu 65. Mkubwa peke yake alileta 60. Kwa hivyo kutoka kwa wale wengine waliopiga kura, ambao ni 30, waliosema ndiyo ni 5 tu. Watano kwa thelathini. Hiyo si kishindo, ni uasi. Wasimamizi wa mifuko ya pensheni hupiga hesabu hii, na nijuavyo mimi hakuna bodi inayopenda isomwe kwa sauti. Lakini haionekani kama wadogo hawakubonyeza kitu.

Shosho alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia nimsomee ajenda moja moja kwa Kiswahili. Tulipofika kwa malipo ya wakurugenzi akaniuliza ni pesa ngapi, nikamwambia. Akavaa miwani, akachukua simu yake mwenyewe, akabonyeza hapana. Halafu akataka kujua: kama mkutano ni kwa simu, ule mwavuli na kile chakula cha kwa boksi siku hizi hutumwa wapi?